Gari lililolala uani si chuma chakavu

KATIKA nyua nyingi za Bujumbura, kuanzia Buyenzi na Bwiza mpaka Ngagara na Rohero, bado yapo magari ya zamani yaliyokufa yakiwa yamesimama. Utakuta Peugeot 404 au 504 imekalishwa juu ya matofali, kuku wanatagia kiti cha nyuma na watoto wanachezea usukani. Siku moja anapita mnunuzi wa chuma chakavu na mizani yake, anataja bei ya kilo, na mwenye nyumba, kwa kuwa ada ya shule inamkaba, anakubali. Kufikia jioni gari limekwisha kukatwa vipande.

Hoja yangu leo ni kwamba tunauza kwa haraka mno kitu ambacho hatujakihesabu vizuri. Baadhi ya magari hayo yanaweza kurudi barabarani, na mafundi wa kuyarudisha tunao. Lakini nasema pia kwamba kuna gari ambalo halifai kuguswa hata spana moja kabla mambo fulani hayajatengenezwa, na sisi tuliorudi kutoka ukimbizini ndio tunaopaswa kulielewa jambo hilo kuliko watu wengine.

Najua nitakachoambiwa. Nchi imepita katika uhaba mkubwa wa mafuta, watu wamelala kwenye mistari ya vituo vya petroli mwaka 2024 na 2025, halafu mwalimu anasimama kutetea magari ya mababu! Pingamizi hilo lina uzito na silikwepi. Peugeot 504 ya petroli haitakubali kwenda kilomita 100 kwa chini ya lita 10 au karibu na hapo. Kwa hiyo sisemi tuyafanye teksi, wala sisemi kila mtu aache gari lake jepesi la Kijapani. Nasema mali isiuzwe kwa kilo wakati thamani yake haipimwi kwa kilo.

Wamarekani wanayo magari wanayoyaita ya misuli, yaani mwili wa gari la kawaida uliotiwa injini kubwa ya silinda nane. Ford Mustang, iliyoingia sokoni Aprili 1964, huhesabiwa humo na wengi. Tunadhani hayo ni mambo ya sinema, kumbe yamefika hapa kwetu. Mwaka huohuo wa 1964 Wamarekani walileta Mercury Comet za silinda nane katika mashindano ya East African Safari, na tope la Afrika Mashariki likawatia adabu, kwani ushindi ulikwenda kwa Ford Cortina ndogo ya Peter Hughes. Miaka 45 baadaye, mwaka 2009, Mkenya Ian Duncan aliendesha Mustang ya zamani na kushinda East African Safari Classic, mashindano ya magari ya kale yaliyoanza mwaka 2003. Gari ambalo kwetu lingekwisha kwenye mizani ndilo lililowaacha wengine nyuma.

Kwa upande wetu, gari la misuli ni Peugeot. Ile 404 ilishinda Safari mwaka 1963, kisha mfululizo 1966, 1967 na 1968, na katika ushindi huo mara mbili dereva alikuwa Bert Shankland aliyekuwa akiishi Tanzania. Nayo 504 ilishinda mwaka 1975 na 1978. Ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1968, na Kaduna, Nigeria, waliendelea kuitengeneza mpaka miaka ya 2000. Gari haliishi muda huo wote kwa sura nzuri tu.

Siri yake ni kwamba ilitengenezwa ili ifunguliwe. Injini ya petroli ya 504 ina bloku la chuma, na ndani yake slivu zinazotoka, maji yakizizunguka. Slivu na pistoni zikila, fundi anatoa seti nzima na kuweka nyingine bila kupeleka bloku kuchongwa. Kamshafti inazungushwa na cheni, si mkanda wa mpira. Hakuna kompyuta ya kukataa kuwaka kwa sababu ya waya mmoja. Mtu mwenye spana, subira na sikio zuri anaweza kulijua tatizo lake chini ya mwembe.

Mtu huyo yuko Buyenzi. Kila Mrundi anajua kwamba ukitaka fundi wa gari au kipuri ambacho maduka yamesema hakipo, unakwenda Buyenzi. Na hapo sisi wa ukimbizini tunapata somo la lugha. Tuliosoma Katumba, Mishamo au Ulyankulu tunasema klachi, plagi na kabureta. Mzee wa Buyenzi anasema ambreyaji, buji na karbirateri, na tairi kwake ni pine. Kiswahili ni kimoja, lakini mmoja aliokota maneno kwa Mwingereza na mwingine kwa Mbelgiji. Nimeona vijana waliorudi wakidharau fundi kwa sababu haelewi neno klachi. Huo ni ujinga. Mzee huyo aliifungua injini hiyo wakati wazazi wetu wakipanga foleni ya mahindi ya msaada.

Sasa nije kwenye jambo zito. Mwaka 1972, watu walipouawa na wengine kukimbia, hawakupokonywa mashamba na nyumba tu. Magari nayo yalichukuliwa, na fedha zilizokuwa benki pia. Mwaka 1993 na miaka iliyofuata mali ikabadili mikono tena, na safari hii walioikosa hawakuwa wa upande mmoja. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema wakimbizi warudishiwe mali zao. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ile CNTB, ilianzishwa mwaka 2006 na muda wake ukaisha mwaka 2022. Kwa miaka yote hiyo tuligombania ardhi. Yale maneno mawili ya mwisho, "mali nyingine", tukayasahau.

Kwa hiyo gari linalooza uani linaweza kuwa la baba yako. Linaweza pia kuwa la baba wa mtu mwingine, aliyeliacha asubuhi moja na funguo mfukoni. Ukilitengeneza, ukalipaka rangi na kulipitisha barabarani, unaweza kuwa umempa furaha mjane mmoja, au umemfungulia mwingine kidonda. Mali bila daftari huisha bila habari, na mali ya namna hii bila daftari huleta habari mbaya.

Ndiyo maana nasema karatasi kwanza. Soma namba ya chasisi kwenye gari lenyewe, si kwenye kumbukumbu ya mjomba. Ilinganishe na karte rozi kama ipo. Kama aliyeandikwa amefariki, waiteni ndugu wote, pamoja na dada walioolewa na wale waliobaki Tanzania, mwandike makubaliano, kila mmoja atie sahihi, na mkayathibitishe kwa noteri. Kama karatasi hazipo kabisa, waulize wazee wa mtaa gari lilikuwa la nani kabla ya kumlipa fundi hata faranga moja. Ndugu asiyeulizwa wakati gari ni kutu atakuja kuuliza litakapong'aa.

Baada ya karatasi, breki. Wengi huanza na injini kwa sababu mngurumo wake unafurahisha moyo. Gari lililosimama miaka 20 likiwaka kabla breki hazijafunguliwa, hicho ni chombo cha kuua mtu. Mipira ya silinda za breki hukauka na kupasuka, mabomba hushika kutu kwa ndani, na pine zenye kashata nzuri kwa macho huwa zimekufa kwa umri. Vyote hivyo vibadilishwe. Mji wetu una miteremko; anayeshuka kutoka Kiriri anajua ninachosema.

Injini ije mwisho, na isilazimishwe. Usiweke betri mpya na kupiga staata siku ya kwanza. Toa plagi, tia oili kidogo kwenye kila silinda, iache siku kadhaa, kisha izungushe kwa mkono. Mwaga petroli ya zamani yote, kwani huwa imegeuka gundi; safisha tangi na kabureta. Badilisha oili na maji ya rejeta, angalia nyaya ambazo panya hawakuziacha. Ikizunguka kwa mkono bila kukwaruza, hapo mna sababu ya kutumia fedha. Ikigoma, pigeni hesabu upya. Na sakafu ikiwa imeliwa na kutu mpaka unaona ardhi, au nguzo za chini zimeoza, kubali kwamba gari hilo litakuwa duka la vipuri la gari jingine. Nalo hilo ni faida kuliko mizani.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani, hapa kuna kazi, lakini ina masharti yake. Kirinyaga Road ya Nairobi, Kisekka ya Kampala na Gerezani ya Dar es Salaam ni masoko ya vipuri yanayojulikana. Kumbukeni tu kwamba kule gari linatembea kushoto na kwetu linatembea kulia. Pistoni, slivu, vali na giaboksi ni vilevile. Usukani na mashine yake, dashibodi na mpangilio wa pedeli si vilevile. Hata taa za mbele hutofautiana, kwa kuwa taa ya kule inamulika kushoto zaidi na hapa itampofusha anayekuja. Vipuri vya aina hiyo vitafuteni Kongo, ambako usukani uko upande mmoja na wetu. Na kufungwa kwa mpaka wa Rwanda Januari 2024 kulitufundisha kwamba mfanyabiashara asitegemee njia moja. Mwenye njia ya Kobero awe na ya Mugina pia.

Wala msijidanganye kwamba mtatengeneza gari Bujumbura mkaliuze nje kwa bei ya maajabu. Kenya haipokei gari la mtumba lililozidi miaka 8, na Uganda tangu 2018 imezuia kuingiza lenye miaka 15 au zaidi. Kutembelea ni jambo jingine. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hata Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000, inamwezesha mwenye gari kuvuka na bima yake. Soko lenu la kwanza liwe hapa nyumbani.

Serikali nayo ina sehemu yake. Ufaransa, gari lililofikisha miaka 30 linaweza kupewa hati yake ya gari la kale. Ujerumani wana namba maalumu yenye herufi H tangu 1997. Sisi tunalo gari jipya na gari bovu tu, katikati hapana kitu. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kuwe na hati ya gari la miaka 30 na kuendelea, yenye gharama nafuu, kwa matumizi ya siku chache, na ukaguzi wake uwe mkali kwenye breki, usukani na taa. Pili, gari lisilo na karatasi litangazwe hadharani kwa muda utakaowekwa na sheria, redioni na kwenye ofisi ya zoni, ili mwenye madai ajitokeze kabla ya hati kutolewa na si baada yake. Tatu, kijana aliyejifunza gerejini Buyenzi kwa miaka afanyiwe mtihani wa vitendo na kupewa cheti kinachotambuliwa.

Hilo la tatu linanigusa kama mwalimu. Ufundi wa magari haya umo katika vichwa vya wazee, na vitabu vichache vilivyopo ni vya Kifaransa, lugha ambayo vijana wengi waliosomea Tanzania hawaisomi kwa urahisi. Mzee akifa, tunazika shule. Kijana aliyefungua kabureta, akaona petroli na hewa vinavyochanganyika, ameelewa jambo ambalo mimi ubaoni natumia wiki nzima kulieleza. Kesho atafungua gari la kompyuta akiwa anajua kompyuta hiyo inasimamia nini.

Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mnunuzi wa chuma anapita tu. Atakapogonga mlango wako na mizani yake, mwambie arudi mwezi ujao, na mwezi huo mmoja uutumie kutafuta majibu matatu: gari hili ni la nani, sakafu yake ikoje, na injini inazunguka kwa mkono au haizunguki. Ukishayapata, hata ukiamua kuliuza kwa kilo utakuwa umeuza ukijua unauza nini.