SHA ijifunze kwa mweka hazina wa WhatsApp

Unaamka asubuhi, unakuta umeingizwa kwenye kundi jipya la WhatsApp bila kuulizwa. Kuna picha ya mgonjwa, nambari ya M-Pesa na bili ya hospitali yenye sifuri nyingi. Unatuma mia mbili, unaandika "pona haraka", kisha baada ya siku mbili unatoka kimyakimya. Usijifanye, sote tunafanya hivyo.

Tukibishana kuhusu kama afya iachiwe hospitali na bima za kibinafsi au iendeshwe na serikali, tunasahau kwamba Kenya ina mfumo wa tatu, na ndio vijana wengi wa mjini wanaoutegemea. Ni mchango. Ni bima pia, ila imegeuzwa kichwa chini miguu juu, maana tunaanza kukusanya pesa mtu akiwa ashalazwa. Halafu kinachopatikana hakifuati uzito wa ugonjwa, kinafuata idadi ya marafiki. Mwanachuo mwenye darasa la watu mia tatu atachangiwa kabla jua halijatua. Yaya aliyefika Nairobi mwaka jana, mwenye nambari kumi na mbili kwa simu, atachangiwa na nani?

Wanaosema serikali ijitoe kwenye mambo ya matibabu si wajinga. Mtu akipanga foleni katika hospitali ya kaunti tangu saa kumi na moja alfajiri, aonwe saa nane mchana, halafu aambiwe dawa akanunue duka la ng'ambo ya barabara, utamlaumu vipi akitamani ya kibinafsi? Lakini tuambizane ukweli kuhusu ile kadi ya bima ya kazini. Hiyo kadi ni ya mwajiri. Mkataba ukiisha Ijumaa, nayo imeisha. Ukienda kujinunulia mwenyewe unaulizwa kama una kisukari au pumu, unawekewa muda wa kungoja, na hata ukikubaliwa kuna kikomo cha pesa kwa mwaka. Mwenye saratani anaweza kukimaliza kikomo hicho katikati ya matibabu. Kampuni ya bima haina roho mbaya. Ni biashara, na biashara hupenda mteja asiyeugua. Akishaugua sana, anarudi kwa hospitali ile ile ya umma tuliyoambiwa haina maana.

Ndiyo maana gazeti hili liko upande wa hazina moja ya taifa. Na kwa haki, SHA iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 ilirekebisha jambo moja ambalo wengi hawalitaji. Chini ya NHIF, anayepata Sh100,000 kwa mwezi alikatwa Sh1,700, na bosi wa Sh300,000 alikatwa hizo hizo Sh1,700. Sasa kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75, kwa hivyo huyo bosi anatoa Sh8,250. Anayepata Sh20,000 ameshuka kutoka Sh750 hadi Sh550. Kelele nyingi kuhusu makato zilitoka kwa wenye mishahara minono, na tunaelewa, hakuna anayependa kukatwa. Ila mwenye nacho kumbeba asiye nacho ndiyo kazi ya bima ya taifa.

Shida iko kwa wasio na mshahara, yaani wengi wetu. Mwenye boda, muuza mitumba wa Gikomba na fundi wa simu walikuwa wakilipa NHIF Sh500 kila mwezi. Sasa kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na kwa karatasi hiyo ni nafuu. Lakini baada ya kuulizwa maswali kuhusu nyumba yako na maisha yako, unatakiwa ulipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa kiwango hicho cha chini ni Sh3,600, na wengi wanapangiwa zaidi. Nani mtaani ana pesa ya mwaka mzima imekaa tu? Mwaka 2025 serikali ikaleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole: unakopeshwa ada ya mwaka, kisha unarudisha kidogo kidogo. Yaani kijana akope ndiyo aruhusiwe kuugua! Kama mitambo inaweza kupokea marejesho ya mkopo kidogo kidogo, inashindwaje kupokea ada yenyewe kwa njia hiyo? Chama cha akina mama sokoni hukusanya hamsini hamsini kila jioni, na vitabu vyao viko sawa.

Halafu kuna suala la uaminifu. Mwaka huo huo wa 2025 baadhi ya hospitali za kibinafsi ziliwafungia mlango wagonjwa wa SHA zikidai hazijalipwa. Serikali nayo ikasimamisha vituo kadhaa ilivyovishuku kudai malipo ya huduma ambazo hazikutolewa. Mwananchi aliyekatwa pesa yake alibaki katikati, kadi mkononi, hajui amwamini nani.

Sasa mtazame mweka hazina wa lile kundi la WhatsApp. Kila jioni anaweka orodha: jina, kiasi, jumla. Aliyetuma hamsini anajiona. Bili ikilipwa, risiti inapigwa picha na kuwekwa hapo hapo. Hana ofisi wala mlinzi, na bado tunamtumia pesa.

SHA inaweza kufanya hivyo. Hospitali ikidai pesa kwa jina lako, upate ujumbe siku hiyo hiyo: kituo gani, huduma gani, shilingi ngapi. Kama hukulazwa, ujibu "hapana". Na orodha ya kila hospitali, imedai ngapi na imelipwa ngapi, iwe wazi kila mwezi, ili tujue anayetufungia mlango ana haki au anatuchezea.

Wakati tunasubiri, jisajili kwa *147#, ni bure. Matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA hulipiwa na hazina tofauti, hata kama hujalipa ada ya mwaka. Na ukipata ajali usiku, kipengele cha 43 cha Katiba kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mtu wa mapokezi akianza kukuuliza pesa ya kutanguliza, mtajie.