Mlevi na Nia Yake

Katika itikadi zote zilizoenea kutoka migomba ya Marangu hadi tambarare za Kahe, sijui iliyodhuru watu wengi kwa sauti ya upole kama ile isemayo kwamba ulevi huachwa kwa nia. "Akitaka ataacha," husema mjomba. "Hajaamua tu," huitikia jirani. Na mchungaji, baada ya kumwombea mtu huyo mbele ya umati, humwambia aende akasimame imara. Neno likishasemwa, kila mmoja huondoka akijiona ametimiza faradhi yake, na mlevi hubaki na ile nia ambayo, lau angalikuwa nayo ya kutosha, asingalihitaji kuambiwa.

Nayakana maneno hayo kwa sababu ya jinsi watu wa huku wanywavyo. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi iliyotiwa uchungu kwa gamba la msesewe, haikupata kuwa kinywaji cha mtu mmoja: hupikwa kwa ajili ya posa, arusi, matanga na suluhu ya mashauri, na kata yake hupita mkono kwa mkono. Mtu aliyefunzwa kunywa na ukoo mzima, ambaye akiikataa kata huhesabiwa kuwa amewatukana waliompa, leo aambiwa aache peke yake kana kwamba alianza peke yake. Ni kweli, viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vilimzoeza mtu kunywa kwa siri kutoka mfukoni, na serikali ikavipiga marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017. Lakini marufuku iliondoa pakiti, haikuondoa kiu.

Tena itikadi hii huua, wala sisemi kwa mubalagha. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka mingi, akiacha ghafla, huanza kutetemeka na kutoka jasho baada ya saa chache, na katika siku mbili tatu za kwanza aweza kushikwa na kifafa, au kuona na kusikia yasiyokuwapo, na wengine hufa. Mahali pa mtu huyo ni hospitali, na KCMC imekuwapo Moshi tangu 1971; hata majeruhi wanaofikishwa huko wakiwa na pombe mwilini wamefanyiwa majaribio ya mazungumzo mafupi yaitwayo Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Walakini, maadamu nia imetukuzwa kuliko tabibu, ndugu humfungia mgonjwa chumbani wakisema anashindana na nafsi yake.

Na hata nje ya hospitali nia peke yake haitoshi. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa ambaye alikuwa amekaa miezi kadhaa bila kunywa, alijikuta hotelini, biashara yake imeharibika na baa ipo karibu. Nia alikuwa nayo. Alichokifanya ni kupiga simu makanisani akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akapelekwa kwa tabibu Robert Smith, na kwa wawili hao ikaanza jumuiya ya Alcoholics Anonymous, ya walevi wakutanao kusaidiana kuacha. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2020, yaliyokusanya tafiti 27 na washiriki 10,565, yalikuta kwamba tiba iliyopangwa kuwaingiza watu katika mikutano ya jumuiya hiyo huwawezesha wengi zaidi kukaa bila pombe kabisa kuliko tiba nyingine zilizolinganishwa nayo. Na asemaye kuwa hili ni jambo la Wazungu aende Zanzibar, ambako tangu 2009 waliokuwa waraibu wa heroini wameendesha soba hausi zao wenyewe kwa kufuata hatua 12 za jumuiya hiyohiyo.

Wapo watakaonijibu kuwa kuketi na walevi wenzako ni fedheha. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama ulevi wa Kahe ungekuwa siri. Ilhali alalaye mchana karibu na stesheni kijiji kizima kinamjua, na asiyejua kwamba anajulikana ni yeye tu. Kwa wanawake nakubali kuwa aibu ni nzito zaidi, na mama auzaye gongo kwa ajili ya karo hawezi kuketi kujieleza mbele ya wateja wake. Hao wapewe siku yao na mahali pao.

Shida ya kweli ni njia. Kutoka Kahe hadi Moshi ni takriban kilomita 20, mkutano wa jioni humwacha mtu bila gari la kurudi, na njia ya kurudi ina vilabu. Mwenye simu ya kufaa aweza kuhudhuria mikutano ya intaneti. Asiye nayo amuulize mganga wa zahanati. Zaidi ya hayo, jumuiya ile haidai ada wala kibali: watu wawili wenye hamu ya kuacha wanatosha kuwa kikundi, na watu wa Kahe, waketio kila juma katika VICOBA, jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya kuzikana, hawahitaji kufundishwa jinsi ya kuketi. Wanahitaji chumba. Darasa la shule huwa tupu Jumapili jioni, saa zilezile vilabu vijaapo, na wazee wa kijiji, wa kanisa na wa msikiti, wanaoweza kuomba ufunguo wake, wauombe, wafungue mlango, kisha waende zao bila kudai kwanza kuhubiri humo.