Nyumba Umenunua, Ufunguo Anao Muuzaji

Makamanda, leo tuache majukwaa kidogo tuongelee vyuma.

Binamu yangu hapa Chumbageni alijichanga akanunua kompyuta ya bodi moja, vile vidude vya ukubwa wa kadi ya benki, ili watoto wa mtaani wasome vitabu bila bando. Mwaka haujaisha, kikakwama. Hakijaungua! Keneli ya Linux iliyokuja nayo ni ya kale, kiwanda hakitoi nyingine, na draiva ya Wi-Fi imefungwa, haikubali keneli mpya.

Mtasema hiyo ni shida ya watoto wa teknolojia. Hapana. Vishikwambi vya Sensa ya 2022, ambavyo baadaye waligawiwa walimu, vinaendeshwa na Android, na chini ya Android kuna keneli hiyo hiyo ya Linux. Ile ni hela yetu. Kishikwambi cha mwalimu wa Pangani au Mkinga kikikosa masasisho, atamlilia nani?

Sasa sheria. Keneli ya Linux ina leseni ya GPL toleo la 2. Anayekusambazia lazima akupe na msimbo chanzo wake, au ahadi ya maandishi ya kukupa, isiyopungua miaka mitatu. Hiyo ni haki, sio fadhila. Ila leseni haimlazimishi muuzaji kupeleka kazi yake kwenye keneli kuu inayotunzwa na dunia nzima, wala kutoa michoro ya bodi. Pengo hilo linazibwa na mkataba, na anayesaini mkataba ni serikali.

Eti itakuwa ghali? Raspberry Pi ya kwanza ilitoka 2012, na hadi leo inapokea Linux mpya. Nayo sio malaika, programu yake ya kuwashia bado imefungwa. Lakini inaonyesha kifaa cha bei ndogo kinaweza kuishi miaka mingi. Ghali ni kununua upya kila baada ya miaka mitatu.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inahubiri thamani ya fedha. Basi kila zabuni ya vifaa vya shule idai mambo matatu: msimbo chanzo, nyaraka za bodi, na draiva zilizoingia keneli kuu. Bila hayo tumepigwa.

Tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andikeni barua kwenye halmashauri zenu, ombeni mikataba ya vifaa hivyo. Mimi yangu naipeleka Jiji la Tanga wiki hii. Cha kuazima hakisitiri maungo, na kifaa kilichofungwa ni cha kuazima hata kama risiti unayo.