Ukija Salaita kuuliza dawa, urudi

Wewe mwanachuo unayeshuka Salaita na daftari kuuliza wazee mshubiri hutibu nini, hebu tuongee. Wengi wanakijua kilima hiki kwa vita vya Februari 1916 tu. Kumbe vichaka vyake vina mengi, na mengi yako kichwani mwa wazee.

Mimi chuo nilikiacha katikati, lakini hili naliona: nyanya anayekuonyesha mti hajui tasnifu yako itaishia wapi, wala hurudi kumwambia. Sheria ya kulinda maarifa ya jadi ipo tangu 2016. Inataka jamii ikubali kwanza, na faida igawanywe. Kwani hukuisoma?

Kabla hujakata jani, eleza unatafuta nini. Ukimaliza, rudi uwasomee ulichoandika, kwa Kiswahili. Na jina la nyanya liingie kwenye tasnifu, akitaka.