Nyumbani Mwetu: Pembe Zisizoachama

Akina mama, mwezi huu tunatoka jikoni na kuingia katika karakana ya seremala. Huenda mmoja wenu akauliza, "Msumeno wa umeme unatuhusu nini sisi?" Unatuhusu sana. Fremu, makabati na vitanda ni sisi tunaoviagiza, na wanetu ndio wanaopelekwa kujifunza kazi hiyo.

Tuanze na yaliyotupata wenyewe. Nyumba tunayokaa hapa Mji Mkongwe ni ya zamani, ya kuta nene za mawe na chokaa. Masika yalipokaribia tuliagiza kwa fundi mmoja fremu nne za wavu wa mbu. Zilipoletwa tulizisifu kwa rangi yake. Usiku huohuo mbu wakatuimbia masikioni. Asubuhi tulikagua, tukaona wavu ni mzima, lakini kila fremu ilikuwa na pembe moja iliyoachama, hata kijiti cha kiberiti kinapita. Na mwenye watoto wadogo anajua kwamba mbu mmoja anatosha kuleta malaria.

Tuliporudisha fremu, fundi hakukasirika. Alituvutia benchi, akatuonyesha kosa lilipotokea.

Fremu ina pembe nne, na kila pembe ina ncha mbili zilizokatwa mshazari kwa digrii 45. Jumla ni mikato minane. Msumeno ukikosea nusu digrii tu, jicho halioni. Lakini nusu digrii mara nane ni digrii nne, na zote hukusanyika kwenye pembe ya mwisho. Kwa ubao wa upana wa sentimita 5, hapo huachwa mwanya wa karibu milimita 5. Ndiyo maana pembe tatu zilishikana vizuri na ya nne ikakataa. Kujaza gundi na vumbi la mbao hakusaidii; ubao ukikauka, mwanya hurudi.

Basi, mama, ukienda kuagiza kazi, angalia mambo haya:

1. Fundi asiamini alama ya 45 iliyo kwenye mashine. Kwanza akate vipande viwili vya mabaki, avikutanishe, kisha aweke guni ndani ya pembe. Mwanga ukipenya, arekebishe mashine kabla ya kugusa ubao wako.

2. Pande zinazotazamana ziwe na urefu sawa kabisa. Fundi mzuri hufunga kizuizi kwenye meza ya mashine, ili ubao wa pili ukome palepale ulipokoma wa kwanza.

3. Msumeno wenyewe hula ubao, mara nyingi kiasi cha milimita 2 hadi 3. Meno yapite upande wa kipande kinachotupwa, si juu ya mstari.

4. Ubao ubanwe vizuri. Msumeno uachwe ushike kasi yake yote kabla ya kugusa mbao, nao usukumwe taratibu. Ukisukumwa kwa pupa, hupinda na mkato hupinda nao.

Kuna jambo jingine kwa sisi wa nyumba za kale. Kuta zetu mara chache zina pembe ya mraba kamili. Fundi apime kona yenyewe kwa fito mbili, kisha aigawe pembe hiyo mara mbili. Kona ikiwa na digrii 92, kila ncha ya ubao iwe na digrii 46. Hapo ndipo wengi hukosea: mashine nyingi huhesabu sifuri pale zinapokata moja kwa moja, kwa hiyo ncha ya digrii 46 hukatwa msumeno ukiwa kwenye 44. Katika 45 tofauti hii haionekani, maana hesabu zote mbili ni sawa.

Sasa tunafika kwenye neno lililotufanya tuandike. Tukiwa pale benchini, umeme ulikatika. Kijana mwanafunzi, wa umri wa mwanetu, akainama kufagia vumbi kwa mkono karibu na meno ya msumeno. Fundi alimvuta bega kwa nguvu. Hazikupita dakika mbili, umeme ukarudi, na msumeno ukaanza kuzunguka wenyewe, kwa kuwa swichi ilikuwa bado imewashwa. Tulinyamaza sote.

Sisi wa Unguja tumezoea giza. Tunakumbuka tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima bila umeme wa kutoka bara. Mazoea hayo yasitupumbaze. Umeme ukikatika, swichi izimwe na waya uchomolewe kwenye soketi papo hapo. Vivyo hivyo kila mara meno yanapobadilishwa au pembe inaporekebishwa. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, macho yavalishwe miwani, pua ifunikwe.

Kwa hiyo, mama mwenye kijana karakanani, leo usiku usimwulize tu amelipwa kiasi gani. Mwulize, "Umeme ukikatika, mwanangu, unafanya nini kwanza?" Asipojibu mara moja, mwandalie chai, mkae, umweleze.

Fremu zetu zilikatwa upya. Tunalala vizuri.