Mfuko wa Mbolea Haujui Muhogo

Wapo watakaotuuliza: nyinyi watu wa kisiwani, Kibaha na Kisarawe zimewahusu nini? Zinatuhusu. Kilimo si jambo la Muungano, kweli, lakini mikopo ya nje ni jambo la Muungano, na deni lichukuliwalo kwa jina la Jamhuri humwandama hata mvuvi wa Micheweni ambaye hajapata kuugusa mfuko wa yurea.

Basi na tuseme. Mwaka 2008 Serikali ilianzisha vocha za pembejeo, na mwaka uliofuata Benki ya Dunia ikakopesha dola milioni 160. Mkulima alipewa vocha tatu, mbili za mbolea na moja ya mbegu, za ekari moja ya mahindi au mpunga. Serikali ililipa nusu ya bei, naye akatakiwa atoe nusu ya pili. Masharti yalisema watangulizwe wanawake wenye kuendesha nyumba peke yao. Kisha masharti hayo hayo yakasema apewe mwenye uwezo wa kulipa. Mkono wa kulia ukatoa, wa kushoto ukanyang'anya!

Na orodha ya majina je? Ilikabidhiwa kamati ya kijiji. Wataalamu wawili, Lei Pan na Luc Christiaensen, walichunguza vijiji vya Kilimanjaro, na mwaka 2012 wakaandika kwamba asilimia 60 hivi ya waliopata walikuwa nyumba zenye viongozi wa kijiji. Fisi alikabidhiwa bucha, na watu wakastaajabu nyama ilikopotelea.

Vocha zikesha. Agosti 2022 ikaja ruzuku nyingine, ya daftari na namba ya mkulima, na mfuko uliouzwa zaidi ya shilingi 120,000 ukashushwa hadi 70,000. Hatuna inda: nafuu ile ilikuwa nafuu. Lakini daftari lahesabu ekari, na mwenye ekari nyingi ana haki ya mifuko mingi. Sasa tazameni Kibaha na Kisarawe, zilizopakana na Dar es Salaam. Shamba huwa la bwana wa mjini ajaye Jumamosi kwa gari, na jembe huwa la mwingine aishiye hapo mwaka mzima juu ya ardhi isiyo yake. Huyu wa pili ataandikisha ekari za nani?

Tena, analima nini? Bibi wa Maneromango halishi wajukuu kwa yurea. Analima muhogo, na muhogo hufa kwa batobato na michirizi, si kwa kukosa mfuko wa shilingi 70,000. Katika vocha za 2008 muhogo haukuwamo kabisa. Na ajabu iliyoje! Kituo cha Serikali cha utafiti wa muhogo kipo hapo hapo Kibaha. Mtaalamu ana mbegu safi, mkulima yu karibu naye, na fedha ya ruzuku imewapita wote wawili ikielekea kwenye mahindi.

Wa mikorosho naye ana lake. Salfa apewayo huitwa msaada, ilhali ushuru wa korosho ghafi zisafirishwazo nje ni jasho lake. Asilimia 65 ya ushuru huo ilikuwa ikirudi kulihudumia zao, hata mwaka 2018 Bunge likabadili sheria, zote zikaingia Hazina. Mtu akichukua kuku wako akakurudishia yai, utamshukuru kwa ukarimu?

Tunataka mambo ambayo hayana gharama kubwa. Majina ya waliopata, na idadi ya mifuko ya kila mmoja, yabandikwe ukutani pa ofisi ya kijiji, yasomwe kwa sauti mbele ya mkutano mkuu, na jina la mtendaji na la mwenyekiti yasomwe mwanzo. Mwenye kulima ardhi ya mwingine aandikwe yeye kwa ekari anazolima. Na pingili safi za muhogo zihesabiwe kuwa pembejeo kama mbolea inavyohesabiwa, Soga, Magindu, Mzenga na Masaki, kabla mvua za vuli hazijaanguka.