Dawa, mbegu na chakula visipande mulima katika mufuko mumoja



Katika mikutano yetu tunasema sana juu ya mbegu, mbolea na bei ya kahawa. Mufuko hauingii hata siku moja kwenye ajenda. Lakini kila kitu kinachofika shambani, na kila kitu kinachorudi nyumbani, kinapita katika mufuko, na sisi waagronomu tunaamini kwamba hasara nyingi ambazo tunatafuta katika udongo zimekwisha kuanza njiani.

Angalieni asubuhi kwenye milima ya Kabare, Walungu, Kalehe ao Masisi. Mama anapanda na kitunga ao saki moja mugongoni. Ndani muko jembe, mupanga, maharagi ya kupanda, chupa ya dawa ya wadudu, viazi vya kuchoma, bidoni ya maji, na pengine nguo za mutoto. Vyote pamoja, kwa sababu saki ni moja. Hatumulaumu. Kama nyumba iko na saki moja, itabeba vyote katika hiyo moja. Ndiyo maana tunasema hii si kazi ya mama peke yake, ni kazi ya koperative: mbele ya kuanza saison A, kasa itoe pesa ya kushonesha mifuko mitatu kwa kila nyumba ya mwanamemba. Mumoja wa dawa, mumoja wa mbegu, mumoja wa vyombo. Chakula kibaki katika kitunga chake, peke yake.

Dawa njo tunaanza nayo, kwani hapo ni mambo ya uzima na kifo. Walimaji wengi hawanunui chupa nzima. Sokoni muuzaji anapima kidogo kidogo: dawa ya maji katika chupa ya soda, unga wa mankozebu katika kasashe kadogo kamefungwa fundo. Chupa hiyo haina tena karatasi yake. Hakuna jina, hakuna kipimo, hakuna ile alama ya fuvu la kichwa. Inaingia katika saki karibu na chupa ingine ya namna ile ile, yenye maji ya kunywa. Saa sita jua linawaka, mama anamutuma mutoto: « Niletee chupa iko katika saki. » Mutoto hajui kusoma, na hata angejua, hakuna cha kusoma.

Na hata kama hakuna anayekunywa, kifuniko cha soda hakikutengenezwa juu ya dawa. Kinavuja pole pole. Viazi vinanyonya, unga wa muhogo unanyonya, kitambaa cha mutoto kinanyonya. Watu wengine wanasema watasikia harufu. Si dawa zote ziko na harufu, na ile yenye harufu ikishaingia katika chakula, kuosha hakuitoshi.

Mufuko wa dawa tunaoutaka ni huu. Ushonwe na bashe, kwani bashe haipitishi maji na inafutwa na kitambaa. Uwe na urefu wa kutosha ili chupa isimame wima, isilale. Chini yake muwekwe bidoni ya mafuta ya lita 5 iliyokatwa nusu: chupa zinasimama ndani ya hiyo bidoni, na kama moja inavuja, dawa inabaki pale, haifiki mugongoni. Mudomo wa mufuko ufunikwe na kipande kirefu cha bashe na kufungwa na kamba. Kwa inje, mustari mupana wa rangi nyekundu, ili hata mutoto wa miaka mitatu afundishwe: chekundu hatugusi. Ndani hamuingii kitu kingine ila dawa katika chupa yake ya kwanza, kipimo chake, ganti za mikono, nguo ya kupulizia na kipande cha sabuni. Nguo hiyo inafuliwa peke yake, si pamoja na za watoto. Mufuko haulali katika nyumba ya kulala, na siku ukizeeka haugeuki kuwa wa unga. Mambo hayo hayo kwa saki tupu za mbolea: tunaziona sana kwenye kinu zikibeba unga, na tutaendelea kusema hapana.

Kuhusu chupa ya kwanza, mutatuambia kwamba hakuna anayeweza kununua lita nzima kwa shamba dogo. Ni kweli. Lakini watu ishirini wanaweza. Koperative inunue chupa yenye karatasi yake, iichunge kwenye depo iliyo na kufuli, na siku ya kupuliza mutu mumoja aliyefundishwa apande nayo na mufuko mwekundu, apitie shamba kwa shamba. Kiisha chupa ikishakuwa tupu, aioshe mara tatu, maji hayo ayamwage katika pulverizatere, halafu aitoboe ili mutu asiitumie tena kwa mafuta ya kupikia.

Pulverizatere yenyewe ni mufuko pia, hata kama hatuioni hivyo. Ile ya lita 16 ikijaa, maji peke yake ni kilo 16, na bado hatujahesabu chombo. Panda nayo ikiwa tupu, ijaze karibu na shamba na maji yaliyochotwa na ndoo ingine, kamwe usiizamishe katika muto. Mbele ya kutia dawa, tia maji safi na uibebe dakika chache: kama mugongo unalowa, inavuja, itengenezwe kwanza. Mikaba yake ni myembamba na inakata mabega. Kipande cha kitenge kilichokunjwa mara nne na kushonwa juu ya mukaba kinasaidia sana, lakini kifuliwe pamoja na nguo ya kupulizia. Mama aliye na mimba ao anayenyonyesha asiibebe. Hapo hatutaki mazungumuzo.

Sasa vyombo. Mutu atauliza, jembe na mupanga vinaweza kuleta hasara gani katika saki? Wenye migomba wanajua. Mwaka 2001 ule ugonjwa wa kunyausha migomba, ambao wenye masomo wanauita Xanthomonas, ulionekana Masisi, na kutoka kule ukatembea katika Kivu yote. Hautembei na upepo tu ao na wadudu. Unatembea na mupanga. Utomvu wa mugomba mugonjwa unabaki kwenye chuma, mupanga unaingia katika saki bado mubichi, kesho unatoka kukata majani kwa jirani. Tumefundisha mara nyingi kuua ugonjwa kwenye mupanga, na watu wanakubali, wanapiga hata makofi. Lakini tukifika shambani na kuuliza, « Kiberiti kiko wapi? », kiko nyumbani. Si ubaya wa moyo. Ni kwamba kiberiti hakina fasi yake.

Ndiyo maana mufuko wa vyombo uwe na fasi za kujulikana. Mupanga uingie katika ala iliyoshonwa na mpira wa ndani wa gurudumu, ili usikate mufuko wala mugongo wa anayebeba. Kwa upande kuwe na kifuko kidogo chenye kifuniko: kiberiti kilichofungwa ili kisilowe, kisu cha kukatia vipando, tupa ya kunolea, na ile kamba ya kupandia yenye mafundo. Ukimaliza mugomba mumoja, washa majani makavu, pitisha chuma katika moto paka kisishikike na mukono, ngoja kipoe, endelea. Nyumbani ao kwenye depo unaweza kutumia maji ya javel, kikombe kimoja cha javel na vikombe vitano vya maji, halafu upanguse chuma na mafuta kidogo kwani javel inaleta kutu. Javel haipandi mulimani katika chupa ya soda. Tumekwisha kusema juu ya chupa za soda.

Mbegu haziombi mengi, zinaomba kupumua. Maharagi ya kupanda katika sashe nyeusi iliyofungwa, juani, yanatoka jasho na kupikika. Kiisha tunasema mbegu ya mradi haioti. Sashe hizo zilikatazwa na dekreti ya serikali ya mwisho wa mwaka 2017 na bado ziko kila soko, lakini hata kama zingeruhusiwa, kwa mbegu hazifai. Kifuko cha kitambaa cha pamba kinatosha, kitundikwe kwenye muti wa kivuli ukifika, kisiwekwe chini. Mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi nyekundu ao pinki, zina kifuko chao na hazirudi jikoni hata zikibaki. Kama mumechanganya maharagi ao soya na ile poda ya rizobiamu, vijidudu vyake vizuri vinakufa na jua: beba tu kile utapanda siku hiyo. Mulumba wa muhogo ubebwe ukiwa murefu, umefungwa fungu, ukatwe ukifika shambani. Kamba za viazi tamu zifunikwe na majani ya mugomba yaliyoloweshwa. Na viazi vya Kizungu vya mbegu, tafazali, si katika saki inayotupwa chini kutoka mugongoni! Ncha zinazochipuka zinavunjika, na ncha iliyovunjika ni wiki zilizopotea. Kitunga kipana ao kasha la mbao njo fasi yake.

Turudi kwa sakado. Miradi mingi, na mashirika kama hili letu pia, inapenda kugawia walimaji sakado za nailoni zenye nembo kubwa. Tunasema bila kuficha: sehemu kubwa ya sakado hizo iko shuleni. Mukaba wake ni wa kubeba vitabu, fermetire inakatika mwezi wa kwanza, jembe linatoboa chini mwezi wa pili, na mutoto anaona mufuko muzuri unaoshinda kwenye msumari. Tunamuelewa. Ni afazali pesa ya sakado moja kama hiyo iende kwa fundi wa viatu wa sokoni, ambaye shindano yake inapita katika bashe na mpira, na ambaye yuko pale siku mufuko unapasuka. Bashe ya mita 4 kwa 5 inatoa mifuko ya dawa zaidi ya 30, kama kila mumoja unakula nusu ya mita ya mraba. Inunuliwe dukani, zile za wakimbizi wa vita zibaki juu ya vichwa vya wakimbizi.

Iko jambo lingine ambalo bashe haitengenezi. Ni uzito. Hapa kwetu saki ni kipimo cha biashara: mununuzi anataka kilo 50 zilizoshonwa, hata zaidi, saki imejazwa paka mudomo umevimba. Anayeishusha kutoka mulimani ni mama, na kamba kwenye paji la uso, shingo imekaza, na mara nyingi mutoto kifuani. Kule ambako tshukudu inapita, vizuri. Kwenye milima mikali haipiti. Koperative inayouza kwa pamoja inaweza kukataa: mavuno yateremuke katika saki za kilo 25, na kilo 50 zijazwe kwenye depo, karibu na barabara, pale mununuzi anasimamisha kamyo. Kwa kahawa kuna faida mara mbili, kwani matunda mekundu yakikandamizwa katika saki kubwa iliyojaa yanapata moto na kuanza kuchacha mbele ya kufika kwenye kituo cha kuoshea, na kituo kinayataka siku ile ile yaliyochumwa.

Watatuambia: saki ndogo ni safari mbili. Ndiyo, ni mbili. Lakini tumeona pia safari nyingi ambamo mama yuko nyuma na saki, na baba yuko mbele na mupanga na radio. Hatutaji kijiji. Wababa wenyewe wanajua, na mabega yao yako.

Juu ya pesa, tunasikia tayari jibu la washika kasa: pesa ya mufuko ni pesa ya mbegu. Sisi tunaihesabu kwa njia ingine. Mbegu iliyopikika katika sashe ni pesa ya mbegu. Mugomba uliokufa kwa mupanga wa jirani ni pesa ya mbegu. Hospitali ya mutoto aliyekunywa dawa, hiyo hata kasa nzima haiilipi. Kama pesa haitoshi kwa mifuko yote mitatu mwaka huu, basi mushonee kila nyumba mufuko wenye mustari mwekundu, na chupa za soda zitoke kwanza. Ule wa mbegu na ule wa vyombo vinaweza kungojea mauzo ya maharagi.